Takwimu za Tovuti kwa Mwenye Duka: Kuanzia Kuweka Tagi Hadi Kujua Mteja Alikotoka

Mali bila daftari hupotea bila habari, na tovuti nayo ni mali. Ulinunua jina la .co.ke, unalipia seva kila mwaka, fundi alichukua chake, na huenda kila mwisho wa mwezi unatoa pesa za kusukuma tangazo Facebook. Lakini ukiulizwa ni wateja wangapi waliokuandikia WhatsApp baada ya kupitia tovuti hiyo, unakuna kichwa.

Maswali ya wanaoanza ni yale yale: nianzie wapi, mbona naona sifuri, hawa wa "Direct" ni akina nani, na kwa nini karibu kila mgeni anaonekana yuko Nairobi? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikiwa mtu anayejifundisha mwenyewe na mwenye tovuti ndogo ya biashara. Mfano wetu ni duka la mapazia la Eastleigh lenye tovuti tutakayoiita mfano.co.ke.

Zana ni mbili, zote za bure: Google Analytics 4 na Google Search Console. Ya kwanza hukuambia mtu alifanya nini akishaingia kwenye tovuti. Ya pili hukuambia aliandika nini kwenye Google kabla hajaingia. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ndani ya alama za nukuu, ili usihangaike kuyatafuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti ya Google iliyo yako mwenyewe. Isiwe ya fundi wala ya binamu aliyekusaidia mwaka jana. Data ya takwimu hukaa kwenye akaunti iliyofunguliwa, na fundi akipotea nayo, huna njia ya kuihamisha. Iwekee uthibitisho wa hatua mbili.
- Jina na nenosiri la kuingilia kwenye tovuti kama msimamizi. Kwa WordPress ni pale kwenye wp-admin.
- Nenosiri la mahali ulikonunua jina la tovuti. Utalihitaji katika hatua ya 8.
- Kompyuta. Kusoma ripoti kwa simu ni sawa, ila kupanga mipangilio kwa simu ni kujitesa. Ukitumia kompyuta ya saiba, fungua dirisha la faragha na utoke kwenye akaunti ukimaliza.
- Simu yenye bando, kwa ajili ya majaribio.
- Daftari la kawaida la karatasi. Faida yake utaiona mbele.

Tenga alasiri moja. Usipange kufanya haya siku moja na uzinduzi wa mzigo mpya.

Hatua ya 1: Andika swali moja

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika swali moja ambalo jibu lake litabadilisha unavyotumia pesa au muda. Kwa duka letu: "Wanaoniandikia WhatsApp kutoka kwenye tovuti walitokea wapi?" Basi. "Nataka kujua watu wangapi wanaingia" si swali la biashara. Watu 5,000 walioingia na kuondoka hawajakununulia hata ndoano ya pazia.

Bila swali utafungua ripoti 30 na kufunga kompyuta ukiwa umechoka kuliko ulivyoanza.

Hatua ya 2: Fungua akaunti

Nenda analytics.google.com, ingia kwa akaunti yako, kisha fuata maelekezo. Utapitia ngazi tatu: akaunti, yaani biashara yako, "Property", yaani tovuti, na "Data stream", yaani mfereji unaoleta data kutoka kwenye tovuti hiyo.

Unapotengeneza "Property", chagua majira ya Kenya, GMT+3, na sarafu iwe shilingi ya Kenya. Wengi hupita hapa bila kutazama na kuachwa na majira ya Marekani. Matokeo yake siku yako inakatika saa za ajabu, na oda za usiku zinaangukia tarehe isiyo yake. Unaweza kurekebisha baadaye, lakini marekebisho hayarudi nyuma. Data ya zamani inabaki ilivyo.

Utaulizwa malengo ya biashara. Jibu lako hubadilisha menyu ya ripoti itakayoonekana kushoto, ndiyo maana skrini yako huenda isifanane na ya jirani. Si kosa.

Chagua "Web", andika anwani ya tovuti, na uache "Enhanced measurement" ikiwa imewashwa. Hiyo ndiyo huhesabu yenyewe kurasa zilizofunguliwa, watu waliosogeza ukurasa hadi asilimia 90, mibofyo inayotoka nje ya tovuti, na mafaili yaliyopakuliwa.

Mwishoni utapewa namba inayoanza na G-. Inakili kwenye daftari. Ukikutana na mafunzo yanayokuelekeza kutafuta namba inayoanza na UA-, yaache: huo ni mfumo wa zamani, na uliacha kupokea data mpya ya tovuti za kawaida tarehe 1 Julai 2023.

Hatua ya 3: Weka tagi, mara moja tu

Tagi ni kipande kifupi cha msimbo kinachokaa kwenye kila ukurasa na kuripoti kwa Google kila mtu anapoufungua. Chagua njia moja kati ya hizi:

1. WordPress: sakinisha plagini (programu ndogo ya kuongezea kwenye WordPress) ya Site Kit, iliyotengenezwa na Google yenyewe, uiunganishe na akaunti yako, kisha uchague "Property" uliyotengeneza.
2. Blogger: ingia kwenye mipangilio na ubandike namba ya G- kwenye nafasi ya Google Analytics.
3. Wix, Shopify na nyinginezo za aina hiyo: tafuta sehemu ya kuunganisha Google kwenye mipangilio. Unabandika namba tu, hakuna msimbo.
4. Tovuti ya HTML ya kawaida: kwenye "Data stream" fungua maelekezo ya tagi, nakili msimbo wote, uubandike mara tu baada ya `<head>` kwenye kila ukurasa. Kila ukurasa, pamoja na ule wa "Asante kwa oda yako".

Onyo kubwa la mwongozo huu liko hapa. Fundi aliweka tagi kwenye kichwa cha mada ("theme", yaani muundo wa mwonekano wa tovuti), wewe ukaja ukaweka plagini yenye namba ileile. Sasa kila ukurasa unahesabiwa mara mbili. Takwimu zinapendeza kweli, unafurahi, na unatumia pesa kwa kufuata uongo. Kabla ya kuweka chochote, fungua tovuti kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U, kisha Ctrl+F, na utafute "G-". Ukiikuta tayari, uliza ni ya akaunti ya nani kabla hujaongeza nyingine.

Ukishaweka, futa kashe ya tovuti. Plagini za kashe huendelea kuwapa wageni nakala za zamani zisizo na tagi, nawe unakaa unashangaa mbona kimya.

Hatua ya 4: Jaribu kwa simu

Zima Wi-Fi kwenye simu, washa bando, fungua tovuti kwenye dirisha la faragha na uzunguke kurasa tatu hivi. Kwenye kompyuta fungua ripoti ya "Realtime". Unapaswa kujiona humo muda mfupi baadaye; ripoti hiyo huonyesha dakika 30 zilizopita. Hesabu: ulifungua kurasa tatu, je, "page_view" ni tatu au sita? Ikiwa sita, rudi hatua ya 3.

Ripoti nyingine zote husubiri. Google huchukua saa 24 hadi 48 kukamilisha hesabu, kwa hiyo usiingie jioni ukitafuta takwimu za asubuhi kisha ukaanza kung'oa tagi.

Hatua ya 5: Mipangilio mitatu ya siku ya kwanza

Bofya alama ya gia, "Admin".

*Muda wa kuhifadhi data.* Tafuta "Data retention". Kwa kawaida huwekwa miezi 2. Ibadilishe iwe miezi 14. Ripoti za kawaida haziguswi na mpangilio huu, ila siku utakapotaka kuchimba zaidi kwenye "Explore" na kulinganisha Desemba hii na iliyopita, utakuta data imeshafutwa kama hukubadilisha.

*Kujitoa mwenyewe kwenye hesabu.* Mwenye tovuti huingia kwenye tovuti yake kuliko mteja yeyote. Mafunzo mengi hukwambia uzuie anwani ya IP yako, yaani namba inayotambulisha intaneti unayotumia. Ikiwa ofisi ina faiba yenye IP isiyobadilika, fanya hivyo: kwenye "Data stream" kuna "Define internal traffic", kisha kwenye "Data filters" ubadilishe kichujio kutoka "Testing" kuwa "Active". Wengi husahau sehemu hiyo ya pili na kichujio kinabaki pambo. Lakini kama unatumia bando la simu, usizuie kwa IP. Kampuni za simu hupitisha wateja wengi kwenye IP moja na huzibadilisha mara kwa mara. Leo utajizuia wewe, kesho utamzuia mteja wa Umoja. Kwa WordPress, Site Kit ina mpangilio wa kutohesabu walioingia kama wasimamizi, nao unatosha. Kwa kompyuta kuna kiongezo rasmi cha Google cha kujiondoa kwenye Analytics.

*Kuficha data binafsi.* Hebu tazama anwani hii:

`mfano.co.ke/asante?jina=Amina&simu=07...`

Fomu ya oda imetuma jina na namba ya mteja kwenye anwani ya ukurasa, na Analytics imeihifadhi anwani nzima. Masharti ya Google yanakataza hilo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu namba ya simu kuwa data binafsi. Mwambie fundi abadilishe fomu itume kwa POST badala ya GET. Wakati huohuo, kwenye "Data stream" fungua "Redact data" na uongeze maneno `jina` na `simu` ili yafichwe. Mkiwa huko, andikeni pia ukurasa mfupi wa faragha: data gani inakusanywa, kwa zana gani, kwa nini, na mtu awasiliane na nani akitaka maelezo. Anayesimamia sheria hiyo ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Hatua ya 6: Hesabu mibofyo ya WhatsApp

Kwa biashara nyingi za Nairobi, tovuti haiuzi, inayouza ni WhatsApp. Kwa hiyo mbofyo wa kitufe cha WhatsApp ndio tukio lako kuu, na usipolihesabu, yote uliyofanya hadi hapa ni mapambo.

Kitufe kikiwa kiungo cha kawaida cha `https://wa.me/2547...`, "Enhanced measurement" tayari inarekodi tukio linaloitwa `click`, kwa kuwa mtu anatoka nje ya tovuti. Shida ni kwamba limechanganyika na mibofyo mingine ya nje. Litenge hivi:

1. "Admin", kisha "Events", kisha "Create event". Ukiulizwa, chagua njia isiyohitaji msimbo.
2. Jina: `bofya_whatsapp`. Herufi, tarakimu na mstari wa chini tu, bila nafasi, lisizidi herufi 40. Kiswahili kinakubalika.
3. Sharti la kwanza: `event_name` iwe sawa na `click`.
4. Sharti la pili: `link_domain` iwe na `wa.me` ndani yake.
5. Hifadhi, kisha weka tukio hilo alama ya "Key event". Kama halijatokea kwenye orodha, bofya kitufe chako mara moja kwa simu na urudi kesho.

Tukio jipya huanza kuhesabiwa siku ulilolitengeneza. Halirudi nyuma, kwa hiyo usiahirishe hatua hii hadi "nitakapokuwa na wageni wengi".

Angalia mitego miwili. Plagini nyingi za WhatsApp zinazoelea pembeni mwa skrini hazitumii kiungo cha kawaida. Hufungua WhatsApp kwa JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari), na Analytics haioni kitu. Nyingine hutumia `api.whatsapp.com` badala ya `wa.me`. Bonyeza kitufe kulia kwenye kompyuta: kama huoni chaguo la kunakili anwani ya kiungo, basi si kiungo. Kitoe na uweke kitufe cha kawaida. Hakika hakirukiruki, lakini kinahesabika. Kitufe cha kupiga simu, kile cha `tel:`, nacho hakihesabiwi na mpangilio huu. Hicho kinahitaji Google Tag Manager, zana nyingine ya Google ya kupanga tagi, na kinaweza kungoja mwezi wa pili.

Hatua ya 7: Weka alama kwenye kila kiungo unachosambaza

Ukituma kiungo kitupu kwenye status au kundi la WhatsApp, anayekibofya huingia bila kubeba habari ya alikotoka. Analytics humweka kwenye "Direct", kapu la wote wasiojulikana: walioandika anwani kwa mkono, waliotoka WhatsApp, waliobofya kwenye SMS, waliofungua kutoka kwenye faili la PDF. Mtu akikwambia "Direct" ni watu wanaoijua chapa yako kwa moyo, msikilize kwa adabu tu.

Dawa ni kuongeza vitambulisho vitatu mwishoni mwa anwani:

`https://mfano.co.ke/mapazia?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=mashujaa`

"Source" ni mahali penyewe, "medium" ni aina ya njia, "campaign" ni jina la shughuli yako, hapa ofa ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba. Ukitaka kutofautisha status na kundi, ongeza `&utm_content=status` au `&utm_content=kundi`.

Kwa "medium" tumia maneno ambayo Google inayajua: `social` kwa mitandao ya kijamii isiyolipiwa, `cpc` kwa matangazo ya kulipia, `email`, na `sms`. Ukijitungia lako, mgeni anaweza kuangukia "Unassigned", yaani wasio na kundi.

Sheria za kufuata:

- Herufi ndogo daima. `Facebook`, `facebook` na `FB` ni vyanzo vitatu tofauti machoni pa Analytics. Andika orodha ya majina yako daftarini na usiibadilishe.
- Alama ya kuuliza ni moja tu kwa kila anwani. Kama anwani tayari ina `?`, anza vitambulisho vyako kwa `&`.
- Anwani ikiwa na `#`, vitambulisho vikae kabla yake.
- Usiviweke kamwe kwenye viungo vya ndani ya tovuti, kama vile bango la ukurasa wa mbele linalopeleka kwenye ofa. Utachafua rekodi ya mteja alikotoka kwa kweli.

Kiungo kirefu hivi hakifai kwa SMS ya matangazo. Tengeneza njia ya mkato kwenye tovuti yako, mfano `mfano.co.ke/ofa`, inayopeleka kwenye kiungo kirefu. Ijaribu kwa simu uone kama vitambulisho vimefika salama. Baadhi ya mipangilio ya seva hukata kila kilicho baada ya `?`.

Hatua ya 8: Search Console

Nenda search.google.com/search-console na uchague "Domain". Utapewa neno refu linaloanza na `google-site-verification=`. Ingia ulikonunua jina la tovuti au kwenye cPanel (paneli ya kusimamia seva yako), fungua eneo la DNS (rekodi zinazoelekeza jina la tovuti), ongeza rekodi ya aina ya TXT na ubandike neno hilo. Usifute rekodi nyingine usizozielewa: za MX ndizo zinazoleta barua pepe zako. Ikikataa kuthibitisha mara ya kwanza, ngoja saa chache, mabadiliko ya DNS hayaenei papo hapo. Usiiondoe rekodi hata baada ya kuthibitishwa.

Kisha wasilisha ramani ya tovuti kwenye "Sitemaps". Kwa WordPress ni `wp-sitemap.xml`, na ukitumia plagini ya Yoast ni `sitemap_index.xml`.

Baada ya siku chache ripoti ya "Performance" itaanza kujaa. Ina vitu vinne: mibofyo, mara ulizoonekana, asilimia ya waliobofya, na nafasi yako ya wastani. Data hukaa miezi 16.

Utamu wa ripoti hii uko kwenye orodha ya maneno ambayo watu waliandika. Panga kwa mara ulizoonekana, kisha tafuta maneno ambayo nafasi yako ni kati ya 8 na 20. Huko Google tayari inakuona unafaa, lakini watu hawakufikii. Tuseme duka letu linaonekana sana kwa "bei ya mapazia ya sheer" na hakuna anayebofya. Fungua ukurasa husika na ujiulize: neno "bei" limo kwenye kichwa cha ukurasa? Bei yenyewe imo? Wenye maduka wengi huandika "piga simu kwa bei", kisha wanashangaa anayetafuta bei kaenda kwa jirani. Andika bei kwa mita, hata kama ni ya kuanzia.

Hatua ya 9: Soma mara moja kwa wiki, dakika 20

Chagua siku moja, Jumatatu asubuhi kwa mfano. Fungua "Traffic acquisition", badilisha safu ya kwanza iwe "Session source / medium", na kwenye safu ya "Key events" uchague `bofya_whatsapp`. Hiyo ndiyo ripoti ya swali lako.

Tuseme umeona hivi kwa wiki moja, na tarakimu hizi ni za mfano tu:

- facebook / cpc: vikao 400, mibofyo ya WhatsApp 2
- google / organic (matokeo ya Google yasiyolipiwa): vikao 60, mibofyo 9
- whatsapp / social: vikao 45, mibofyo 6

Kikao ni ziara moja. Mtu akinyamaza kwa dakika 30 kisha akarudi, kinaanza kingine. Sasa gawanya. Facebook imeleta watu wengi kuliko zote na imekupa 2 kati ya 400, yaani nusu ya asilimia moja. Google imekupa 9 kati ya 60, asilimia 15. Kama tangazo la Facebook lilikula Sh3,000, kila mtu aliyekuandikia kupitia hapo alikugharimu Sh1,500. Kwa pazia la Sh2,500 hiyo ni hasara. Kwa kazi ya nyumba nzima ya Kilimani huenda ni faida. Analytics haijui unachouza kwa faida gani. Wewe ndiye unayejua.

Usikimbilie kuzima tangazo kwa wiki moja, ingawa. Mibofyo 2 ni michache mno kuamulia. Fungua kwanza ukurasa ambao tangazo linapeleka watu, kwa simu na kwa bando. Mara nyingi utakuta picha nzito zinazofunguka polepole, au kitufe cha WhatsApp kimejificha chini kabisa.

Ukilinganisha wiki, linganisha Jumatatu na Jumatatu. Mwisho wa mwezi watu wana mshahara, katikati hawana, na takwimu hufuata mfuko. Hapa ndipo daftari linapofanya kazi: andika tarehe ulizobadilisha bei, uliposukuma tangazo, siku tovuti ilipolala, sikukuu. Miezi mitatu baadaye utaona mlima kwenye grafu na hutakumbuka ulitokana na nini.

Mengine usiyaguse mwezi wa kwanza. "Explore" na BigQuery ni zana nzuri kwa mwenye maswali magumu. Wewe bado una swali moja.

Mambo yakienda kombo

*Naona sifuri kila mahali.* Angalia namba ya G- kama imenakiliwa sawa, futa kashe, kisha zima kizuia matangazo kwenye kivinjari chako. Brave huzuia Analytics bila hata kukuuliza. Bado? Tumia tagassistant.google.com, uweke anwani yako, ikuonyeshe kama tagi inafyatuka.

*Takwimu zimeshuka ghafla siku moja.* Kabla ya kulaumu Google, tazama daftari: ulibadilisha mada ya WordPress? Mada mpya huondoka na tagi iliyobandikwa kwa mkono kwenye ya zamani. Vilevile plagini za kuharakisha tovuti zenye chaguo la kuchelewesha JavaScript hungoja mgeni aguse skrini ndipo tagi ianze, na anayesoma kidogo na kuondoka hahesabiwi. Iondoe tagi ya Google kwenye orodha ya zinazocheleweshwa.

*Kila mtu anaonekana yuko Nairobi, nami ninatuma mizigo hadi Kisumu.* Mji hukisiwa kutokana na IP, na trafiki ya simu inaweza kuonekana imetokea mahali mitambo ya kampuni ya simu ilipo badala ya alipo mteja. Nchi iamini, mji uutilie shaka. Anwani za kutuma mizigo ndizo ramani yako ya kweli.

*Mibofyo ya Search Console hailingani na vikao vya Analytics.* Haitalingana. Moja huhesabu mibofyo upande wa Google, nyingine huhesabu tagi iliyofyatuka kwenye simu ya mteja. Aliyebofya kisha akakata kabla ukurasa haujafunguka yumo kwenye ya kwanza tu. Opera Mini pia, ikibana data sana, hufungulia ukurasa kwenye seva zake na JavaScript haifanyi kazi kama kawaida. Fuata mwelekeo wa kila moja peke yake.

*Watumiaji ni wengi kuliko ninavyoamini.* Mtu mmoja mwenye simu na kompyuta huhesabika wawili, na akifuta vidakuzi anakuwa watatu. Ukiona pia nchi usiyouzia ikiruka ghafla kwa vikao vya sekunde sifuri, hizo ni roboti ambazo kichujio cha Google hakikuzinasa. Chuja ripoti ibaki Kenya peke yake.

*Kampuni ya malipo inaonekana ndiyo inayoniletea wateja.* Mteja alitoka kwenye tovuti kwenda kulipa kwenye ukurasa wa kampuni hiyo, akarudi, na Analytics ikadhani kaletwa nayo. Kwenye mipangilio ya tagi kuna "List unwanted referrals". Andika humo anwani ya ukurasa wa malipo. Malipo yanayotuma ombi la M-Pesa moja kwa moja kwenye simu hayana tatizo hili, kwa sababu mteja haondoki kwenye ukurasa.

*Fundi ndiye mwenye akaunti na hapokei simu.* Fungua "Property" yako mpya leo, weka namba mpya ya G- na uondoe ya zamani. Data ya nyuma imekwenda, na kila siku unayongoja inaongeza hasara. Fundi ajaye mpe nafasi ya "Editor" kupitia "Access management", si nenosiri lako, na kazi ikiisha umtoe.